Matairi ya Kwenda Pundanhar

Vijana wangu mnaofungua na kufunga magurudumu hapa Palma, nyie mnaonipita barazani na kusema "Shikamoo, Mestre" huku macho yakiwa kwenye simu: kaeni kidogo. Kazi ya matairi nimeiacha kwa sababu ya mgongo, lakini mdomo bado haujastaafu. Na lipo jambo linaloniudhi kila nikipita kwenye karakana zenu. Mteja anakuja, anaonyesha tairi pana lenye meno makubwa, anasema "hilo hapo, linapendeza," nanyi mnalifunga. Hamuulizi gari lina uzito gani, linakwenda wapi, linabeba nini. Tairi si kilemba, wanangu, halivaliwi kwa kupendeza.

Nitawasimulia habari za lori la umeme la afya, lile jeupe mlilolipa jina la Friji. Lakini siwezi kulisimulia bila kumtaja Mestre Anli, fundi mkuu aliyenifunza kazi. Ni kwa ajili yake mimi mwenyewe nilitaka kulipanda lori hilo.

Mestre Anli alikuwa na kibanda cha pancha kwenye njia ya kushukia ufukwe wa Tungue. Wateja wake wakubwa walikuwa magari ya samaki. Yalikuja kutoka Quiterajo yakidondosha maji ya chumvi, na kilio kilikuwa kile kile: tairi linapungua upepo, pancha haionekani. Mafundi wengine walizamisha gurudumu majini wakatafuta msumari mpaka wakachoka. Anli alipitisha kidole kwenye ukingo wa ringi, pale tairi linapokalia, akanionyesha ncha ya kidole imekuwa nyekundu. "Kutu," alisema. "Chumvi imekula kitanda, unategemea mwenye kitanda alale vipi?" Akakwangua, akasugua kwa msasa, akapaka sabuni, akafunga, na gari likaondoka na upepo wake. Tangu siku ile sijawahi kulitazama tairi bila kuitazama na ringi yake.

Geji ya upepo hatukuwa nayo. Iliwahi kuwepo moja, ikafa kwa kuangushwa, na Anli hakuisikitikia. Alikuwa na kipimo chake. Mnajua kwamba ukifika kwenye mchanga mwingi lazima upunguze upepo, ili tairi litandae na kupita juu badala ya kuchimba. Basi Anli alibonyeza kijiti cha valvu kwa ukucha wa kidole gumba, akasoma Fatiha, kuanzia bismillahi mpaka amina, kwa mwendo wa mtu asiyefukuzwa na yeyote. Akifika amina, anaachia. Fatiha moja kwa kila tairi. Pikapu za wakati ule zilikuwa nyepesi, na kwa pikapu hizo kipimo hicho hakikutuangusha. Madereva wote wa njia hii walikichukua kwake, nami nikakifundisha nyumbani kwangu.

Mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani alimkemea. "Anli, Fatiha si kopo la kupimia unga!"

"Mwalimu," Anli akajibu kwa adabu kabisa, "barabara ya Pundanhar nani anaiingia bila kusoma Fatiha? Mimi nimeunganisha tu safari mbili." Mwalimu aliondoka akiuma midomo ili asicheke.

Tulipoukimbia mji kwa vita, kila mtu alikimbilia alikoona njia. Mimi na wanangu tulipitia baharini. Anli, ambaye tayari alikuwa mzee wa fimbo, alielekea bara na majirani, akafika Pundanhar, na huko uchovu ukammaliza. Nilipata habari ameshazikwa na watu wasiomjua. Mtu aliyeniweka mjini, aliyenipa kazi nikasomeshea watoto, nilishindwa hata kumtupia konzi ya mchanga. Niliporudi Palma nilisema nitakwenda kumsomea pale kaburini, lakini mgongo ukakataa. Miaka yote ile ya kuinua magurudumu ilikuwa imesaga pingili zangu, na barabara ile mnaijua. Nilijaribu safari moja kwenye pikapu ya mihogo nikashushwa njiani nikilia kama mtoto, mbele za watu. Nikakata tamaa.

Ndipo likaja lori. Lina safu mbili za viti, bodi nyuma, na betri yake imelala chini ya sakafu, kutoka magurudumu ya mbele hadi ya nyuma. Linachajiwa kwa paneli za jua uani hospitalini. Dereva wake ni Muanaicha, binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mimi. Kazi yake ilikuwa kupeleka wauguzi na dawa Pundanhar kila wiki na kurudi na wagonjwa wanaohitaji hospitali. Lakini lilikuja kwa majaribio. Wakubwa walisema: likiweza njia ile kabla mvua hazijaanza, litabaki. Likishindwa, litapelekwa Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, kutembea kwenye lami, na Pundanhar warudi kungoja kama zamani.

Muanaicha aliponiambia lina viti laini na halitikisi, nikasema moyoni, Anli, nakuja.

Sasa sikilizeni alichofanya mwanangu. Vijana wa mjini walimcheka kwa sababu ya matairi liliyokuja nayo, membamba kiasi, yasiyo na makeke. Friji lina miguu ya kuku, walisema. Maneno yakamwingia. Akaomba ruhusa, akafungiwa matairi mapana ya matope yaliyokuwa yamekaa yadi, pamoja na ringi zake zinazotokeza nje ya bodi. Lori likavimba kifua. Akaja nalo mpaka mlangoni kwangu akipiga honi.

Nilipanda. Hatukuvuka hata soko, nikamwambia nishushe.

Kila kokoto lilinifikia kiunoni. Na nilimwona Muanaicha akipigana na usukani, unamrudishia mikono kila gurudumu likigusa ukingo wa mfereji. Safari za Pundanhar zilikuwa mbaya zaidi. Chupa za dawa zilivunjika njiani, na mara moja betri iliisha kabla hawajaufikia mji, wakavutwa na trekta huku watu wakishangilia. Vijana wale wale waliolisifu ndio walioshangilia zaidi.

Kwa nini iwe hivyo? Lori lile likiwa tupu lina uzito wa pikapu iliyojaa mzigo, kwa sababu ya betri. Waliolitengeneza walipanga springi na matairi yake kwa uzito huo, vyote vikijuana. Ukibadilisha kimoja, umevuruga mazungumzo yao. Gurudumu zito likirushwa na shimo, springi inahangaika kulirudisha chini, na kabla halijatua shimo la pili limefika. Hapo ndipo abiria anapopigwa. Ringi iliyotokeza nje nayo inapeleka gurudumu mbali na pale linapogeukia. Mnajua mlango ukiusukuma karibu na bawaba ni mgumu, ukiusukuma ukingoni unakwenda kwa kidole. Ndivyo jiwe dogo lilivyopata nguvu ya kumzungushia Muanaicha usukani. Na yale meno makubwa, kila jino linajikunja likigusa ardhi na kujikunjua likitoka, na anayegharimia mkunjo huo wote ni betri.

Gari la dizeli huwa linatuficha mengi kwa kelele zake. Hili ni kimya, kwa hiyo tairi likinguruma unalisikia mpaka ndani. Nawashauri mliendeshe polepole dirisha likiwa wazi kabla hamjafungua boksi la spana. Na mguu uwe mwepesi, kwa sababu nguvu yake haingoji: ukikanyaga kwa pupa mchangani, limeshajichimbia.

Msimamizi wa magari ya afya alikuwa Enjenheira Celina, binti mhandisi aliyeletwa huku kutoka Quelimane. Kiswahili chake amekiokota sokoni, na penye shimo anajaza Kireno. Alikuja kwangu kwa sababu Muanaicha alimwambia baba yake mdogo anajua matairi. Tulikubaliana mara moja kwamba ringi zile ziondoke. Kwenye matairi ndipo tulipogombana, maana yale liliyokuja nayo yalikuwa yameshafungiwa gari jingine la afya. Mimi nilitaka matairi membamba ya pikapu za zamani, laini, yale niliyoyafunga maisha yangu yote. Celina akachuchumaa, akaweka kidole kwenye namba iliyochongwa ubavuni.

"Papá Momade, hii namba ni ya peso, ya uzito wa gari. Carro hii mzito. Hapana weza."

"Mwanangu, tairi hili limepita njia ile tangu hujazaliwa."

"Tairi limepita, sawa. Betri je, ilipita?"

Nilinuna kutwa nzima. Kesho yake nilivaa miwani nikaenda kuzisoma zile namba mwenyewe, tairi moja moja, na nikaona hoja yake. Mimi nilikuwa natafuta ulaini, yeye alikuwa anaogopa ubavu kupasuka chini ya uzito. Mwisho tukaagiza Pemba matairi membamba kama nilivyotaka, yenye mbavu imara kama alivyotaka yeye, meno ya wastani, tukayafunga kwenye ringi lilizokuja nazo. Tulichora mstari wa chaki kukatiza tairi, Muanaicha akaenda na kurudi mtaani, tukatazama chaki imefutika wapi. Ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika kingoni tu, umepungua. Ilifutika sawasawa, na Celina akapiga makofi. Mafundi, hilo la chaki lichukueni, halihitaji mashine yoyote. Na nati za ringi mliyoifunga leo zikazeni tena gari likishatembea kidogo, maana huwa zinatulia.

Safari iliyofuata ilikwenda, ikarudi, na betri ikiwa na akiba. Nilikuwa nimeshapiga pasi kanzu. Lakini Muanaicha aliposhuka alikuwa anajisugua bega.

"Baba mdogo, linavuta kushoto. Toka kule mchangani mpaka hapa nimelishikilia kama mbuzi anayevutwa kamba."

Celina akaunganisha kompyuta yake. Kompyuta ikasema usukani ni mzima. Akalipumzisha lori kivulini, akaunganisha tena, jibu lile lile. Akapiga simu Pemba, na Pemba wakasema maneno tuliyoyaogopa: kama usukani una tatizo lisilojulikana, lileteni huku. Muanaicha alikaa kwenye ngazi ya lori akaanza kulia waziwazi.

"Kule kuna mama ana mimba ya mapacha," alisema. "Nimemwambia wiki ijayo nitamfuata. Wakilichukua, mimi nitakuwa mwongo kwake."

Mimi nami nilijisikia vibaya, na sitaki kuwaficha kwamba sikumfikiria huyo mama peke yake. Nililifikiria kaburi, na kanzu yangu iliyopigwa pasi.

Celina hakukata tamaa. Alichukua geji akapima matairi. Ya kulia mawili yalilingana. La mbele kushoto lilikuwa limepungua zaidi ya hayo, na la nyuma kushoto limepungua zaidi ya yote. Akapaka povu la sabuni kwenye valvu na kwenye ukingo wa ringi. Hakukuwa na pumzi inayotoka popote.

"Hakuna pancha," alisema. "Basi upepo uliondoka na nani?"

Hapo nikawaita Muanaicha na mwenzake wa safari. Huyu ni Agostinho, msaidizi wa wauguzi, Mmakonde wa kule uwandani Mueda, Mkristo mpole anayefundisha katekisimu Jumapili.

"Nani alipunguza upepo mchangani?" niliuliza.

"Sote, baba mdogo. Mimi upande wa kulia, Agostinho kushoto, tusichelewe."

"Kwa kipimo gani?"

"Si kile kile cha nyumbani? Fatiha moja kila tairi."

Nikamgeukia Agostinho. "Na wewe?"

"Mimi Fatiha siijui, Mestre. Dada Muanaicha aliniambia nisali yangu. Nikasali Pai Nosso, Baba Yetu."

"Yote?"

"Yote. Sala haikatwi katikati." Akafikiri kidogo. "Na lile la nyuma, kwa kuwa juu yake kulikuwa na mzigo, nikaongeza Salamu Maria."

Nilitazama chini. Muanaicha namjua, anasoma Fatiha kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Na Agostinho akisali, hata kuku wanapata muda wa kwenda kulala. Tairi lililopungua upepo linalemaa, na gari linainamia upande wake. Nilimweleza Celina polepole, nusu kwa Kiswahili nusu kwa Kireno changu cha kibandani. Akakaa chini mchangani na suruali yake ya ofisi.

"Então, basi, carro si mgonjwa," alisema akifuta machozi ya kicheko. "Carro imeombewa sana upande mmoja!"

Tulicheka mpaka wauguzi wakatoka nje. Agostinho alikuwa wa mwisho kucheka, akiuliza kama basi hajamkosea Mungu. Celina akarudi kwenye simu na kuwaambia Pemba kwamba usukani hauna kitu, lilikuwa suala la upepo tu. Sala hakuzitaja.

Lakini kicheko kilipokwisha, alinieleza jambo lililonikaa moyoni. Hata yale ya kulia yalikuwa yamepungua kupita kiasi. Matairi ya lori hili yanajazwa upepo mwingi, na upepo mwingi ukifunguliwa unatoka kwa kasi, kwa hiyo Fatiha ile ile inatoa zaidi ya ilivyotoa kwenye pikapu za Anli. Na juu yake kuna ule uzito wa betri. Wangeendelea hivyo, tairi lingepata moto, mbavu zingechoka, na siku moja lingetoka kwenye ringi na wagonjwa ndani. Gusa tairi kwa kiganja ukisimama: likiwa la moto mno, linakulilia njaa ya upepo.

Nikamwambia Muanaicha kuanzia sasa geji na pampu ya umeme vikae ndani ya lori, apime mwenyewe matairi yote, na ukitoka mchangani upepo urudishwe hapo hapo, si kungoja kufika mjini. Alikubali. Mimi ndiye niliyeumia. Hakikuwa kipimo cha kijinga, wanangu, msije mkakicheka. Anli alikuwa mtu mmoja, kidole kimoja, mdomo mmoja, na magari ya aina moja, na kwake kilikuwa kweli. Sisi tulidhani tumerithi kipimo, kumbe kipimo chenyewe kilikuwa ni yeye. Ilikuwa kama kumzika mara ya pili, na safari hii nilikuwepo.

Wiki iliyofuata nilipanda, kiti cha mbele, na mto mgongoni. Penye mchanga Muanaicha alisimama, akazunguka na geji magurudumu yote, tukapita bila kelele. Upande wa pili Agostinho akachomeka pampu. Siwadanganyi kwamba sikusikia kitu. Nilisikia, lakini kila shimo lilifika likiwa limechoka, na usukani ulikuwa umetulia mikononi mwa binti yangu, akiushika kwa vidole tu. Nilikaza macho mbele ili asione nimefurahi kiasi gani.

Yule mama wa mapacha alikuwa anangoja na kifurushi chake. Wauguzi walipokuwa wakimwandaa, kijana mmoja wa pale alinipeleka kaburini. Ni tuta dogo lenye mawe kichwani na miguuni, pembeni ya mihogo ya watu. Muanaicha alivuta mtandio akafunika kichwa. Agostinho alivua kofia akasimama nyuma yetu.

Nilisoma Fatiha kwa mwendo wake yeye, mwendo wa mtu asiyefukuzwa na yeyote. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi mno maishani nikiwa nimeinama kwenye gurudumu, sikio likisikiliza upepo unavyotoka. Pale hapakuwa na sauti yoyote. Nikafika amina, nikabaki nimesimama.

Agostinho akasogea karibu. Alikuwa anatazama mkono wangu wa kulia. Nami nikautazama, nikaona kidole gumba kimejikunja, ukucha umebonyea kwenye kidole cha pili mpaka ngozi imekuwa nyeupe.

"Mestre," aliniambia taratibu, "achia sasa. Imetosha."

Nikaachia.